Maji ya paa lako yasibomoe ukuta wa jirani

Mvua ya Kolwezi haitushangazi. Inaanza mu Oktoba, inaisha mu Aprili, na kila musimu inaacha alama zilezile mu komine ya Manika: kuta za matofali ya udongo zinaanguka, avenyu zinakatika, mufereji mudogo wa mwaka jana unakuwa korongo. Kisha tunauliza: serikali iko wapi? Swali hilo ni la haki. Lakini kuna lingine lenye tunakwepa: maji yenye yanatoka kwenye manjanja ya nyumba zetu yanaenda wapi?

Tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya meta mraba moja ni litre moja. Paa la meta mraba 100 likipata mvua ya milimita 40, linamwanga litre 4.000, ni kusema mapipa 20 ya litre 200. Avenyu yenye nyumba 20 za namna hiyo inatupa mapipa 400 mu barabara. Zamani udongo na majani vilimeza sehemu kubwa ya mvua hiyo. Leo manjanja, simenti na parsele zenye kukanyagwa vinaisukuma nje.

Hatari yake imepimwa. Mu Agosti 2025, watafiti walichapisha katika jarida Nature hesabu ya makorongo ya miji ya Congo: walikuta 2.922 mu miji 26. Kati ya 2004 na 2023, makorongo hayo yalifukuza watu karibu 118.600 mu nyumba zao.

Watu wengi wanatia gutiere wakifikiri kazi imekwisha. Gutiere haimalizi maji. Inayakusanya pahali pamoja. Tuyo yenye inamwanga kwenye pembe ya ukuta inachimba musingi wako. Yenye inaelekea kwa jirani inachimba musingi wake, na ujirani pia. Mubaya zaidi ni kuelekeza maji mu shimo la zamani la wachimbaji. Tangu 2014, pale Kasulo, watu wamechimba kobalti mupaka chini ya nyumba. Maji yakiingia mu mashimo kama hayo, udongo unalegea na nyumba inaweza kuzama.

Kinga haiombi feza nyingi. Safisha gutiere mbele ya mvua ya kwanza. Peleka mudomo wa tuyo mbali na ukuta, na uweke mawe pale maji yanapoangukia. Chimba shimo, ulijaze mawe, mbali na nyumba, choo na kisima, kusudi maji yaingie mu udongo polepole. Tega pipa lenye kifuniko, mbu wasizalie ndani: maji hayo yatafua nguo na kunywesha bustani. Lakini usiyanywe, maana vumbi la barabara za machimbo linalala juu ya manjanja yetu.

Pipa likijaa, maji yatatoka tu, na pale kazi ya mwenye nyumba inaishia. Inaanza ya viongozi. Kodeksi ya Madini ya 2018 inaachia mikoa asilimia 25 ya malipo ya madini, na miji, komine na sekta zenye machimbo asilimia 15. Raia wa Kolwezi ana haki ya kuuliza meta ngapi za mutaro zimejengwa kwa feza hiyo, na mutaro huo unamwanga wapi. Barabara mupya bila mutaro ni mwanzo wa korongo. Na ruhusa ya kujenga isitolewe kama plani haionyeshi njia ya maji.

Tusingoje Oktoba. Salongo ya Siku ya Posho inayofuata isiwe ya kufagia takataka tu. Shefu wa avenyu atembee pamoja na wenye parsele, kutoka nyumba ya juu mupaka ya chini, wakifuata kila tuyo na kukubaliana pahali maji yatapita. Mwenye kukaa chini ya avenyu asemeshwe wa kwanza: yeye ndiye anajua maji yetu yote yanafika wapi.