Mgeni Hana Kura
Juma la maandamano ya Juni 2024, katikati ya Nairobi, nilimwona Mkongo muuza vitenge ameshusha mlango wa duka lake nusu, huku akiwapitishia chupa za maji vijana waliokabwa na moshi wa mabomu ya machozi. Mimi ni Mtanzania, na woga wake naujua: mgeni hubeba kibali chake kama abebaye yai. Jumanne, Juni 25, 2024, waandamanaji waliingia bungeni kuupinga Muswada wa Fedha, na watu wakauawa kwa risasi; kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini. Wapo wanaotuambia sisi wageni kwamba hayo hayatuhusu. Lakini ile kodi ya asilimia 16 ambayo muswada huo ulikusudia kuitoza kwenye mkate, kabla haijaondolewa, haikuuliza pasipoti ya mtu. Mgeni hana kura, ni kweli. Lakini kuinyamazia damu ya wenyeji wake ni utovu wa shukrani.