Homa Katikati ya Bahari

Familia inayozunguka visiwa vya Bahari ya Hindi kwa katamarani, chombo cha tanga mfano wa mitumbwi miwili iliyounganishwa, huandaa ramani, maji na majaketi ya kujiokolea. Malaria husahaulika. Dalili zake kwa kawaida huanza siku 7 au zaidi baada ya mtu kuambukizwa na mbu; hivyo mtoto aliyeumwa Madagaska aweza kushikwa na homa mbali na nchi kavu. Malaria ya falsiparamu isiyotibiwa yaweza kuwa kali ndani ya saa 24.

Kwa maoni yangu, chandarua, dawa ya kinga, kipimo cha haraka na dawa mseto, kwa maelekezo ya daktari kabla ya safari, ni vifaa vya uokozi. Nasi wahudumu wa afya tumwulize kila msafiri mwenye homa: umepitia bandari zipi?