TAHARIRI: Kingo za Mto Kiwira ni ajenda ya ulinzi

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria hiyo imetimiza miaka zaidi ya 20. Mvua nazo zimebadilika, na kila msimu unaopita bila mita hizo kulindwa unaongeza deni ambalo wananchi ndio watakaolilipa.

Mto Kiwira unashuka kutoka nyanda za juu za Rungwe, unapita chini ya Daraja la Mungu, kisha unakatiza tambarare za Kyela hadi Ziwa Nyasa. Udongo wa Rungwe ni wa volkano, una rutuba na hubebeka upesi. Matuta ya viazi yakichorwa kufuata mteremko, maji ya mvua hupata mfereji wa kushukia. Migomba na nyasi za ukingoni zikiondolewa ili kulima hadi majini, hakuna mizizi ya kuushika ukingo. Tope linalobebwa hivyo hujaza mto, nao ukifurika huvamia mashamba ya mpunga na kokoa ya ndugu zetu wa Kyela.

Tunaliita hili suala la ulinzi, na tunamaanisha hivyo. Barabara inayotoka Uyole kupitia Kiwira na Tukuyu ndiyo inayofika mpakani Kasumulu. Ikikatika, biashara na Malawi inasimama na magunia ya viazi na mikungu ya ndizi vinaozea njiani. Mto Songwe, ambao ni mpaka wenyewe, umezoea kuhama njia yake unapofurika, na ndiyo maana Tanzania na Malawi zina kamisheni ya pamoja ya bonde hilo. Nchi ambayo mpaka wake unasogezwa na mafuriko haiwezi kuiachia idara ya mazingira peke yake kazi ya kulinda miteremko.

Onyo tumekwisha kulipata. Desemba 3, 2023, tope kutoka Mlima Hanang liliua watu zaidi ya 80 katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, askari wakaitwa kufukua. Aprili 2024, tope la mlima Kawetele likafukia nyumba na majengo ya shule Itezi, jijini Mbeya. Wanajeshi wetu walifanya kazi ya heshima Hanang, lakini kufukua maiti si ulinzi. Ulinzi ni kuhakikisha hakuna wa kufukuliwa.

Kwa hiyo kila mwenye dhamana atimize wajibu wake. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa iweke vigingi vinavyoonekana kwenye kingo za Kiwira na vijito vyake. Halmashauri itenge sehemu ya ushuru wa mazao kwa ajili ya miche ya parachichi na miti ya asili, na isimamie kuondolewa kwa mikaratusi kwenye vyanzo vya maji. Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya ipokee taarifa ya miteremko hatarishi kabla ya masika. Serikali za vijiji ziache kugawa viwanja mabondeni, na maofisa ugani washuke mashambani kufundisha matuta ya kukinga maji.

Tunajua mkulima wa Rungwe ana eneo dogo na watoto wa kusomesha. Anayelima ukingoni hafanyi hivyo kwa ukaidi, hivyo asifukuzwe kwa virungu bila kuonyeshwa pa kupanda na cha kupanda. Lakini naye afahamu kwamba Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili za nchi, na jembe lake linapogusa mto linagusa maisha ya mtu anayeishi chini ya mto.

Masika hayasubiri bajeti. Vigingi viwekwe kiangazi hiki, na kiongozi atakayeshindwa aeleze hadharani sababu.