Kipimo kwanza, rangi baadaye

Ndugu mwandishi, reli ndogo ya mfano ya bustanini umeieleza vizuri, ila magari ya kuweka kando yake umeyagusa juu juu. Sisi wa Banalia, hapa Kongo, duka la vigari hivyo hatuna, lakini watoto wetu wanaunda makamio (malori) ya waya na makopo tangu zamani. Shida ni vipimo tu. Njia yetu ya reli ya Kisangani–Ubundu, kilomita 125, iliyofunguliwa 1906, ina upana wa mita 1. Igawe kwa 22.5, unapata karibu milimita 45: ndiyo reli ya LGB, treni za bustanini za Wajerumani. Basi na magari yagawe hivyohivyo. Tairi la kamio la mita 1 linatoka sentimita 4.4, likate kwenye soli ya ndala iliyochakaa. Kizibo cha soda ni kidogo mno kwa kamio, kinafaa gari la jeep. Vigari vya plastiki vya sokoni vipime kabla ya kulipa, maana vingi havifuati kipimo chochote. Rangi inayong'aa ipige msasa, kisha paka tope jekundu lenye gundi hadi nusu ya mlango. Kamio safi kwenye barabara yetu wakati wa mvua, nani kaliona? Na toleka, baiskeli ya teksi, usisahau: sentimita 8, waya mwembamba, abiria nyuma.