Betri Yasingiziwa, Kumbe Soketi Ndiyo Inayoungua

Mke wa askari mmoja aliyeko Mbarara ametuuliza swali ambalo, kwa kadiri tuonavyo, linawahusu wengi. Anayo pikipiki aliyoinunua kwa akiba ya familia, naye amemkodishia kijana mmoja anayebeba abiria na mizigo baina ya mji huo na makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Katika muda wa mwaka mmoja amekwisha kununua betri mbili. Hiyo ya pili nayo sasa haina nguvu hata ya kupiga honi, na fundi amemwambia anunue ya tatu, tena safari hii pamoja na regulata. Mama huyo anauliza kama huo ndio uganga wenyewe au anachezewa.

Jibu letu ni kwamba asitoe hata shilingi moja kabla hajafunuliwa soketi inayounganisha nyaya za koili na regulata, akaiona kwa macho yake mwenyewe. Ikiwa plastiki yake imegeuka rangi ikawa ya kahawia, au imelegea na kuyeyuka pembeni mwa tundu moja, basi ugonjwa umekwisha kujulikana. Betri ya tatu itakufa kama zilivyokufa mbili za kwanza, kwa maana haikuwa inalishwa.

Ndani ya injini mna sumaku inayozunguka pamoja na mhimili, na karibu nayo mna koili za shaba ambazo hazizunguki. Mzunguko huo huzaa umeme wa mkondo geu, yaani umeme unaokwenda na kurudi. Betri haiwezi kuupokea umeme wa namna hiyo. Ni lazima kwanza upite katika regulata, kile kipande cha alumini chenye mapezi, ambacho huugeuza kuwa mkondo mnyoofu na kuuzuia usipite kiasi. Katika pikipiki kubwa kubwa, zikiwamo nyingi za doria, umeme hutoka kwenye koili kwa nyaya tatu za rangi moja, aghalabu njano au nyeupe. Katika hizi ndogo za Bajaj na TVS zilizojaa Uganda nzima, nyaya hizo zaweza kuwa mbili tu au hata moja. Ziwe ngapi, zote hupita katika soketi ya plastiki isiyozidi kisanduku cha kiberiti kwa ukubwa, na humo ndimo taabu inamozaliwa.

Soketi ina ncha dume na ncha jike. Ncha jike ni kibati kilichokunjwa ili kiikumbatie ncha dume kwa nguvu. Kibati hicho kikilegea, au kutu ikiingia katikati, umeme hulazimika kupita mahali pembamba, na hapo hugeuka moto. Chukua mfano wa nyaya zinazopitisha ampea 15. Ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu, ambao ni kitu kidogo mno, hula volti moja na nusu na kutoa joto la zaidi ya wati 22. Pasi ya kuchomelea risasi ya wati 25 huyeyusha risasi. Si ajabu basi plastiki ikaungua. Tena joto hilo huiharibu nguvu ya kibati na kuizidishia shaba weusi, ukinzani ukaongezeka, na joto likaongezeka juu yake. Ndiyo sababu soketi inaweza kukaa miaka bila lalamiko, kisha ikamalizika katika majuma machache.

Nyumbani jambo hili mnalijua tayari. Plagi ya pasi inayocheza katika soketi ya ukutani huwa ya moto mkononi hali ile ya taa iliyo kando yake ni baridi. Umeme ni ule ule. Tofauti ni mshiko wa vyuma na ukubwa wa mzigo.

Sasa ifikirieni njia ya Nakivale. Makazi hayo yamo katika wilaya ya Isingiro, iliyokuwa zamani sehemu ya wilaya ya Mbarara, nayo ni miongoni mwa makazi ya kale zaidi ya wakimbizi barani Afrika, yakiwa yamekuwapo tangu miaka ya mwisho ya 1950. Humo wanaishi Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo, na Kiswahili husikika sana sokoni. Ukiiacha lami, barabara ni za changarawe. Kiangazi vumbi hupenya kila tundu, masika ni matope, na mwaka mzima mtikisiko haukomi. Kisha chombo kikirudi mjini huoshwa kwa maji ya kasi yaelekezwayo chini ya kiti, pale pale soketi ilipo. Katika njia kama hiyo taa si pambo. Usiku pikipiki ndiyo inayompeleka mama mjamzito kituo cha afya, na taa ikififia katikati ya giza, abiria na dereva wote wawili wamo hatarini.

Kuna dhana moja ambayo ni lazima tuiondoe. Vijana wengi huzima taa ya mbele mchana wakiamini kwamba wanaipumzisha soketi. Lakini regulata za aina iliyo nyingi hazipunguzi kazi ya koili. Umeme unaozidi mahitaji huurudisha kwenye koili zenyewe kwa njia ya mkato. Taa iwake au isiwake, mkondo unaopita katika soketi ile haupungui kwa kiasi cha kujivunia. Kuzima taa husaidia betri iliyo dhaifu, basi. Vivyo hivyo taa za ziada na redio ambazo vijana hupenda kufunga huulemea upande wa pili, yaani waya utokao kwenye regulata kwenda kwenye betri pamoja na fyuzi yake. Ukiikuta soketi ya upande huo ndiyo iliyoungua, mapambo hayo yaulizwe kwanza.

Kuupima ugonjwa hakuhitaji karakana. Mwambie dereva aendeshe kwa dakika 20, azime injini, kisha gusa soketi kwa tahadhari. Regulata yenyewe kuwa ya moto ni kawaida yake, usibabaike. Soketi haipasi kuwa ya moto kupita nyaya zinazoingia ndani yake, na kati ya nyaya tatu haipasi mmoja kuwa wa moto kuliko wenzake. Baada ya hapo itafutwe testa, chombo ambacho fundi asiyekuwa nacho hana haki ya kukuuzia betri. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Injini ikizungushwa kwa mwendo wa kati, isome baina ya 13.8 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, chaji haifiki. Ikipita 15, regulata imeshindwa kuzuia, nayo itaichemsha betri.

Chaji isipofika, injini ikiwa inazunguka na taa inawaka, weka ncha moja ya testa kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya wa chanya pale unapotoka katika regulata. Ukisoma zaidi ya volti 0.3, umeme unapotelea njiani. Rudia hivyo hivyo upande wa hasi, kwa maana boliti ya waya wa bodi iliyokaa juu ya rangi au kutu hufanya ukorofi ule ule. Mwisho zima injini, chomoa soketi ya koili, uwashe tena na upime mkondo geu kati ya kila jozi ya zile nyaya tatu. Vipimo vitatu vikilingana, koili ni nzima. Kimoja kikiwa chini sana, koili imeungua, na hapo kweli pana gharama. Angalia usiguse ncha hizo kwa vidole injini ikizunguka, maana volti zake hupita 50 kwa urahisi katika pikipiki kubwa. Wala usichomoe betri injini ikiwa inazunguka. Umeme utaruka juu na kuua taa na regulata kwa pigo moja.

Matengenezo yenyewe yaanze kwa kuondoa betri na kuliweka tangi la petroli mbali. Kuisugua soketi iliyoungua kwa msasa na kuirudisha ni kujidanganya, kwa kuwa kibati kilichopashwa moto kimekwisha kupoteza mshiko wake na hakitaurudisha. Ikatwe. Waya ukatwe nyuma hadi ionekane shaba inayong'aa. Shaba nyeusi haishiki risasi wala haibaniki vema. Ifungwe soketi mpya yenye ncha pana zinazolingana na unene wa waya, zibanwe kwa koleo la kazi hiyo, si kwa meno ya koleo la kawaida. Pakiwa hapana soketi nzuri, nyaya za koili zaweza kuunganishwa moja kwa moja na kuchomelewa risasi, kila mmoja ukavikwa mpira wake na kufungwa usichezecheze. Zile tatu za rangi moja hazina mpangilio, yoyote yaweza kukutana na yoyote. Chanya na hasi za betri, hizo kamwe zisibadilishane.

Kile ambacho hatukikubali ni kusokota nyaya kwa vidole na kuzizungushia tepu nyeusi, na kile kibaya zaidi cha kuweka karatasi ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Fyuzi imewekwa ife kwanza ili waya usife. Ukiinyima kufa, waya utawaka, nao umepita chini ya tangi la petroli.

Kwa mama aliyetuuliza, tunashauri amwendee fundi pamoja na kijana wake, asimame hapo hapo soketi ikifunuliwa, na aombe arudishiwe kipande kilichokatwa. Betri yake ya pili isitupwe bado. Soketi ikishatengenezwa, ichajiwe polepole usiku kucha kwa chaja ya nje, iachwe ipumzike saa kadhaa, kisha ipimwe. Ikishika volti 12.6 hadi kesho yake, irudishwe kazini. Na baada ya juma moja la njia ya Nakivale, kijana afungue kiti aiguse soketi mpya mara tu baada ya kuzima injini. Ikiwa imeanza tena kupata moto, basi regulata au koili yapasa kuangaliwa kabla plastiki haijayeyuka mara ya pili.