Watoto wetu wapelekwe Manga, wamechoka na darasa

Likizo ikifika, mtoto wa Kisii mwenye pesa anapelekwa tuition ya kichinichini, ingawa sheria ya elimu ya 2013 ilipiga marufuku masomo ya likizo. Asiye nazo anabaki na simu ya mamake, ama anashinda steji akingoja kufunzwa bodaboda. Halafu shule zikifunguliwa tunaulizana vijana wameharibikia wapi.

Mimi nilionja dawa nikiwa na miaka 13. Kanisa letu la Wasabato kule Nyamira lilitupeleka kambi ya Pathfinder, kile chama cha vijana wa Kiadventista kilichoanzishwa rasmi 1950. Siku tatu kwenye hema. Mvua ya alasiri ikatunyeshea (Nyamira unaijua), kuni zikalowa chepechepe. Kiongozi hakutuletea mafuta taa. Alikaa kando akasema, "Mkilala njaa shauri yenu." Tulipasua kuni mpaka tukafikia kiini kikavu. Ugali na chinsaga viliiva usiku sana, na sijala kitamu kama kile tena.

Baadaye niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Noti za darasani nimezisahau. Usiku ule wa kuni mbichi bado ninao, kwa sababu ulinifunza kwamba jambo linaweza kukataa mara kumi na bado likawaka.

Sasa angalia kambi nyingi za leo. Watoto wamejazwa ukumbini, viti vya plastiki, projekta, mhubiri mmoja akishuka mwingine anapanda. Usiku wanalala darasani. Hiyo si kambi, ni shule yenye nyimbo.

Wayahudi wa Marekani wana kambi iitwayo Ramah in the Rockies, kwenye milima ya Colorado. Vijana wanatembea porini na mizigo mgongoni, na Ijumaa jua likizama Sabato inaingia, kazi inasimama. Hapo Msabato wa Gusii anacheka, maana nyumbani viatu hupigwa rangi na chakula hupikwa Ijumaa mchana. Hata wazee wetu waliwatenga vijana baada ya jando ili wafunzwe utu uzima. Kwa hivyo tusiseme kambi ni mambo ya wazungu.

Mtaniuliza pori liko wapi. Ni kweli tumebanana. Sensa ya 2019 ilipata Kisii ina zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba. Lakini Manga bado ipo, na vilima vya Kiabonyoru pia. Usiku mbili zinatosha.

Wazazi wa wasichana wana hofu, na wana haki. Kambi iwe na viongozi wa kike, mtu wa huduma ya kwanza, chifu ajulishwe, na hema zikae mbali na ukingo wa mwamba. Simu zikusanywe siku ya kwanza, za viongozi pia, ibaki moja ya dharura.

Kisha kuna pesa, na hapa ndipo naumia. Mwaka ule rafiki yangu hakwenda. Alikosa ada, akakosa na skafu. Alitusindikiza mpaka kwa lori, akatupungia mkono, akarudi kuchuma majani chai. Niliporudi na hadithi zangu za moto, hakutaka kuzisikia.

Makanisa ya Kisii na Nyamira, tafadhali, kambi ya Desemba isimwache mtoto kama yule. Azimeni hema kwa jirani. Mtoto aje na kikombe cha unga na ndizi kutoka kwao, hiyo iwe ada. Skafu atapewa huko huko, akishawasha moto.