Kifafa cha Mimba na Usahaulifu wa Uzeeni

Bibi anayesahau majina ya wajukuu wake, na mama kijana mwenye mimba ya miezi minane aliyevimba uso na mikono, ni wagonjwa wasiokaa benchi moja hospitalini. Hata hivyo, wataalamu wa Marekani na Kanada wamegundua kitu kinachoweza kuwaunganisha, nacho ni protini iitwayo tau.

Tau ilitambuliwa mwaka 1975 katika Chuo Kikuu cha Princeton. Ndani ya chembe za ubongo huimarisha mirija myembamba inayopitisha mahitaji ya chembe hizo, kama kamba inavyoshikilia fito za nyumba ya udongo. Mara nyingine hupinda. Mwili unacho kimeng'enya kiitwacho Pin1 ambacho huinyoosha. Kikidhoofika, tau iliyopinda hulundikana na kugeuka sumu.

Mwaka 2021 uharibifu wa tau hiyo ulielezwa katika ugonjwa wa kupotewa na akili unaoletwa na uhaba wa damu ubongoni. Mwaka 2023 ilionekana tena, safari hii katika damu na kondo la nyuma la wanawake wenye shinikizo la damu la mimba, lile linalotangulia kifafa. Panya wenye mimba walipopewa kinga ya kuiondoa, walisalimika, na vitoto vyao vikakua vyema. Lakini hao ni panya. Dawa hiyo haijafika zahanati.

Uchunguzi wa wanawake zaidi ya milioni moja wa Denmark, uliotangazwa mwaka 2018, ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba waliougua hivyo wakati wa mimba walipatwa baadaye na upotevu wa akili wa aina hiyo mara tatu na zaidi kuliko wenzao, ingawa kwa jumla waliougua walikuwa wachache.

Wako wanaopuuza uvimbe wa ghafla wa uso wakidai ni kawaida ya mimba. Ukifuatana na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au maumivu chini ya mbavu, mama apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Baada ya wiki ya 20, kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi hakina budi kushughulikiwa. Baada ya kujifungua, shinikizo lake liendelee kupimwa kila mwaka, na kadi ya kliniki isitupwe mtoto akishaanza kutembea: daktari atakayempima mama huyo akiwa na miaka 50 ataihitaji.